Nyekundu Inayosomeka

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, steshenari za Mbagala, Tandika na Mwananyamala hujaa vijana wenye bahasha za kaki. Anayewajazia huchapa harakaharaka, akabonyeza "Wasilisha", kisha akaguna: "Mfumo umekataa." Umekataa nini? Hajui. Juu kabisa ya ukurasa pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba taarifa si sahihi. Ni kama konda anayepaza sauti "kuna mmoja hajalipa!", abiria wote wakaanza kujipapasa mifukoni.

Namvulia kofia fundi asiyetajwa popote, yule anayekaa na CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa za wavuti, kuutengeneza ujumbe huo upya. Kwanza huutoa juu ya ukurasa na kuuweka chini ya kisanduku chenye kasoro. Kisha huufanya useme jambo. Chukua namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa: ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. "Namba si sahihi" haimsaidii mtu; "Zinatakiwa tarakimu 20, umeandika 19" inamsaidia. (Na aliyenakili namba pamoja na vistari vyake asigombezwe, mfumo uviondoe wenyewe.)

Halafu rangi. Nyekundu kali, yenye msimbo FF0000, ikiwa juu ya weupe ina utofauti wa 4 kwa 1 tu, ilhali WCAG, miongozo ya kufanya kurasa za wavuti zitumike na watu wote, inataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. C00000, nyekundu iliyoiva, inafika karibu 6.5. Kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, mwanga umepunguzwa kuokoa chaji, jua la saa saba likiwa utosini, hapo ndipo mtu anasoma au hasomi. Wapo pia wasiotofautisha nyekundu na kijani. Hao huwekewa alama na maneno. Asiyeona naye hufungiwa ujumbe kwenye kisanduku chake kwa sifa ya msimbo iitwayo aria-describedby, ili programu ya kusoma skrini iutamke akifika hapo.

Lakini ufundi ninaoupenda kuliko yote ni ule wa kuacha nafasi ya mstari mmoja chini ya kila kisanduku kabla kosa halijatokea. Isipoachwa, ujumbe ukichomoza unaisukuma fomu nzima chini. Kidole gumba kilichokuwa njiani kwenda "Wasilisha" kinaangukia "Futa Yote". Bando limeliwa, na wa steshenari anadai malipo upya. Fundi akiifanya kazi hii vizuri, hakuna atakayejua kwamba ilifanyika.

Nanyi mnaotengeneza mifumo ya umma, kabla hamjaizindua, chukueni simu ya bei ya chini mwende nayo kituo cha daladala Tegeta saa za mchana. Jazeni fomu yenu kwa kukosea makusudi. Msipouona ujumbe wenu wenyewe, ahirisheni uzinduzi.