Alisema, Alikiri, Alikana

Ukimsikiliza mtu akisimulia ugomvi wa jana ndani ya daladala, hukawii kujua yuko upande wa nani. Hajatoa hukumu, amechagua vitenzi tu. Akisema abiria alidai kuwa ameshalipa, umeshaanza kumtilia shaka abiria huyo. Akisema alisisitiza kuwa ameshalipa, shaka inapungua. Akisema alimkumbusha konda kuwa ameshalipa, kosa limehama, sasa ni la konda. Maneno yaliyotoka kinywani mwa abiria ni yale yale: nimeshalipa.

Ufundi huu wa kubeba maneno ya mwingine na kuyafikisha bila kuyapunja nauheshimu sana, na sijaona njia bora kuliko huo ya kujifunzia sarufi ya Kiingereza. Mwanafunzi hahitaji kufundishwa kwamba kukiri si sawa na kukana, wala kwamba kuonya si kutisha. Hayo anayajua tangu utotoni. Kinachobaki ni kujua Kiingereza kinataka nini baada ya kila kitenzi, na hapo ndipo kazi ilipo.

Ulete ugomvi ule wa nauli katika darasa la jioni la watu wazima. Abiria anashikilia kwamba amelipa: "He insisted that he had paid." Kitenzi kimefuatwa na sentensi nzima. Konda anatishia kumshusha: "He threatened to put him off." Hapa imekuja "to". Abiria anakana kwamba amekwepa nauli: "He denied dodging the fare." Sasa ni "-ing", na ukiweka "to" sentensi imeharibika. Konda anamtuhumu kuwa mwongo, na "accuse" inadai "of". Angemlaumu kwa "blame", ingedaiwa "for". Mama aliyekaa kiti cha nyuma anajitolea kumlipia: "She offered to pay." Kituo kinachofuata mmoja wao anaomba radhi kwa kufoka: "He apologised for shouting." Yote haya yametoka katika safari moja. Yakipangwa kwenye jedwali ubaoni, wanafunzi huyanakili vizuri kisha wakayasahau. Yakitoka kwa konda na abiria hukaa, kwa sababu mtu humkumbuka konda kwanza, na "to" ikamfuata.

Ndiyo maana sipendi zoezi la mtihani linaloamuru tu: badili sentensi zifuatazo ziwe kauli taarifa. Sentensi kumi zisizo na wenyewe, zote zikianza na "He said that". Raymond Murphy, ambaye kitabu chake cha English Grammar in Use kilitoka mwaka 1985, alilielewa jambo hili mapema. Maelezo yako ukurasa wa kushoto, mazoezi wa kulia, na watu waliomo wana kazi, wana wageni, wanachelewa basi. Sarufi inahitaji watu wenye haja ya kusema kitu.

Nyakati ndizo zinazowasumbua zaidi wanafunzi wetu, na sababu yake ni ya haki kabisa. Kwa Kiswahili tunasema "alisema amechoka", na ile -me- inabaki pale pale alipokuwa msemaji aliposema. Kiingereza humtaka anayeripoti avute kila kitu hadi aliposimama yeye: "She said she was tired." Mwanafunzi anauliza, je, bado amechoka? Sentensi haisemi. Otto Jespersen, Mdenmaki ambaye Kiingereza hakikuwa lugha ya mama yake, aliushughulikia mgeuko huu wa nyakati katika The Philosophy of Grammar ya mwaka 1924. Lakini hata hapa kuna nafasi ya kuchagua. Mwenye duka akiniambia duka lake hufunguliwa saa mbili asubuhi, naweza kuripoti kwamba "it opened at eight", au nikaacha "opens" kama ilivyo. Nikiiacha, nimeonyesha kwamba naichukulia habari hiyo kuwa ya kweli hata sasa. Herufi chache zimebeba msimamo wangu.

Makosa ya wanafunzi nayo yana asili yake, na mwalimu anayeijua hafoki. Anayesema "explain me" ametoka kwenye "nieleze", ambamo -ni- imekaa ndani ya kitenzi na haina haja ya kihusishi. Anayesema "he suggested me to go" ametoka kwenye "alinishauri niende". Na upo upande ambao Kiswahili kinamtangulia mwanafunzi njiani. Kiingereza, hasa cha Marekani, kina sentensi kama "She suggested that he go", isiyo na "goes", ambayo huwatatiza wengi. Waingereza mara nyingi hukwepa kwa kuweka "should". Msemaji wa Kiswahili anayo tayari katika "alipendekeza aende", ile -e ya mwisho inayoonyesha jambo linalotakiwa lifanyike, ambalo bado halijafanyika. Akionyeshwa mara moja, uso wake hufunguka.

Elmore Leonard, mwandishi wa riwaya wa Marekani, aliwashauri waandishi mwaka 2001 wasitumie kitenzi kingine zaidi ya "said" kwenye mazungumzo ya hadithi. Kwa hadithi namkubalia, kwa kuwa msomaji anayasikia maneno yenyewe na anaweza kuamua. Anayeripoti ameyaondoa maneno yenyewe. Kilichobaki mkononi mwa msomaji ni kitenzi.

Tanzania ina sababu yake ya kulijali hili. Kabla ya sheria kurekebishwa mwaka 2021 na Kiswahili kufanywa lugha ya mahakama, shahidi katika ngazi za juu ya mahakama ya mwanzo aliweza kuzungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho, huku ushahidi wake ukiandikwa kwa Kiingereza. Anasema, "Sikuwepo." Kalamu inaweza kuandika "He said he was not there". Inaweza kuandika "He denied being there", na sasa inaonekana kuna aliyemshutumu. Inaweza kuandika "He claimed he was not there", na shaka imeshaingia kabla hakimu hajapima lolote. Mwandishi wa habari wa Kiingereza anabeba mzigo huo huo kila siku, ndiyo maana hung'ang'ania "alleged" mpaka mahakama iamue.

Kwa hiyo zoezi ninalolipenda ni hili: kila mtu aende akasikilize, sokoni, kazini, kisimani, halafu alete aliyoyasikia kwa Kiingereza, na awe tayari kukitetea kitenzi chake. Muuguzi mmoja alileta maneno ya mgonjwa aliyeacha kumeza dawa. Aliandika "She admitted that she had stopped taking the tablets". Wenzake wakamuuliza: alikiri? Alikuwa ameficha? Hapana, akasema, nilimuuliza akanijibu. Dawa ni za kumeza baada ya kula, na nyumbani hapakuwa na chakula. Wakabishana kwa muda mrefu, wengine wakitaka "told", wengine "complained", na huyo wa "complained" akapingwa vikali kwa sababu mgonjwa hakulalamika popote. Muuguzi akafuta, akaandika upya: "She explained that she had had nothing to eat." Kijana wa mbele akanyoosha mkono kuuliza kwa nini "had" ziko mbili, na somo la wakati uliopita timilifu, ambalo nililipanga kwa wiki iliyofuata, likaanza usiku ule ule.