Song Maker: visanduku vitamu, ila sauti ya saba haimo

Ukifungua Song Maker kwenye simu yako pale Ngujini, husakinishi kitu wala hulipii. Ni ukurasa tu wa kivinjari, Google waliutoa mwaka 2018. Unaona visanduku vingi: kwenda kulia ni muda, kupanda juu ni sauti kuwa nyembamba. Gusa, kinalia. Na kwa kuwa mlio unatengenezwa ndani ya simu yenyewe, mtandao ukikata (na huko milimani unajua unavyokata) ukurasa ambao umeshafunguka unaendelea kupiga. Utauhitaji tena ukitaka kuhifadhi, maana kazi yako inatunzwa kama kiungo.

Hapo nakipa maksi zote. Tatizo ni yale ambayo chombo kimeshakuamulia kabla hujagusa chochote.

Kikifunguka tu, kila pigo limekatwa vipande 2. Panga ngoma hapo, itatoka kama gwaride la shule. Ingia kwenye mipangilio: acha mapigo 4, kata kila pigo mara 3, upate visanduku 12. Kwenye mistari miwili ya ngoma kule chini, jaza mmoja kwenye 1, 4, 7 na 10, na wa pili kwenye 1, 5 na 9. Nne dhidi ya tatu. Sikiliza ikianza kuzunguka! Ngoma nyingi za Afrika Mashariki zinaishi humo, lakini mtu asiyefungua mipangilio hatajua kama chombo kinaweza.

Kwenye sauti ndiyo hakuna dawa. Uzi wa zeze ukitetema mara 100 kwa sekunde, ndani yake kuna pia 200, 300, 400 na kuendelea. Muziki wa Wagogo wa Dodoma, ule ambao Hukwe Zawose aliupeleka duniani, unachota sauti zake kwenye ngazi hiyo, hasa ya nne hadi ya tisa: 400, 500, 600, 700, 800, 900. Song Maker inagawa oktava mafungu 12 yanayolingana, hata ukichagua sauti zote. Ukianzia 400, ile inayoikaribia zaidi 700 ni kama 713. Zipige pamoja, utasikia zinakwaruzana.

Kwa hiyo mtoto anayejaribu kunakili wimbo wa bibi yake wa Kigogo atakosa kisanduku, na anaweza kuamini kwamba bibi ndiye anayekosea. Hiyo 713 ni makubaliano ya mafundi wa piano; 700 inatoka kwenye uzi wenyewe.

Cha ajabu, Chrome Music Lab hiyohiyo ina Spectrogram: unaimba kwenye maikrofoni, inakuchorea sauti ilipo hasa, bila visanduku. Bibi angeonekana pale. Ila mchoro huo huwezi kuuhamishia Song Maker.