Panga Lililogonga Jiwe

Yeyote aliyepata kusimama katika shamba la miwa la Bungoma wakati wa ukataji, hususan katika mashamba yaliyokuwa yakipeleka mazao yake kiwanda cha Nzoia pale Bukembe, atakuwa ameona kwamba mkataji hodari hakati muwa usawa wa kiuno, bali huinama akaukata chini kabisa, sawasawa na udongo. Na sababu yake ni kwamba sukari hujaa zaidi katika pingili za chini, na kisiki kirefu kikiachwa huchipua vibaya msimu unaofuata. Walakini kanuni hiyo hiyo inayompa mkulima uzito na utamu ndiyo inayoliponza panga, maana penye udongo hapakosi mawe, na katika mashamba yaliyoegemea mteremko wa Chetambe, karibu na Webuye, hayako mbali. Kule Kitale, ambako panga hukata mabua makavu ya mahindi, makali huchakaa polepole na kinoo hutosha kuyarudisha. Jiwe la Bungoma halina subira hiyo.

Kugongana huko huacha athari za namna tatu, na aghalabu watu huzichanganya kana kwamba ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja. Ya kwanza ni makali kukunjika upande bila chuma kupotea, na hiyo hutambulikana kwa kidole gumba kinachopitishwa kutoka ubapani kuelekea makalini, wala si kwa kuyafuata makali kwa urefu wake. Ya pili ni pengo, yaani chuma kimemeguka. Ya tatu, iliyo mbaya kuliko zote, ni ufa unaoanzia penye pengo na kupanda kuelekea mgongoni, mwembamba kama unywele, usioonekana mpaka ubapa usuguliwe ukang'aa, upakwe mafuta na kupanguswa, ndipo mafuta yaliyojificha ndani yatoke yenyewe na kuuchora.

Mkataji mmoja niliyemtazama kazini kule Bukembe hakuanza na tupa. Aliligongomea shoka katika gogo, akaufanya mgongo wa shoka hilo kuwa fuawe, akaulaza ubapa wa panga juu yake, na kwa nyundo ndogo akayagonga makali yaliyokunjika, pigo jepesi juu ya pigo jepesi, mpaka yakakaribia kunyooka; yaliyokataa aliyaacha, kwa kuwa chuma kilichopindwa mara mbili mahali pamoja huvunjika. Kisha akaubana mpini chini ya paja, ncha akaichomeka gogoni, makali yakielekea mbali naye, na tupa akaipaka chaki ili chenga zisigande katika meno yake. Alikuwa akiisukuma mbele kwa mikono miwili, akaiinua kila anapoirudisha, madhali meno ya tupa yameelekezwa upande mmoja tu na kuiburura nyuma ni kuyaua. Aliiinua kiasi cha nyuzi 20 hivi kutoka ubapani, na kila msukumo ulikwenda mrefu, kutoka karibu na mpini hata ncha, hadi upande wa pili ukaota ukingo mwembamba wa chuma unaokwaruza kidole. Hapo akageuza panga, akapitisha tupa kidogo, akamalizia kwa kinoo na maji.

Tupa hupata kuliuma panga kwa sababu feleji ya panga haikukazwa hata ukomo wake. Mtengenezaji huipunguzia ugumu makusudi ili ipinde isivunjike, ilhali ya tupa imeachwa ngumu mno, na ndiyo maana tupa ikianguka sakafuni huweza kuvunjika. Illa huwa kuna mahali, penye alama ya jiwe, ambapo tupa huteleza na kulia bila kutoa chenga hata moja. Wateremkao milima ya theluji kwa skii wanaijua sana hali hii, maana skii zao zina ukanda wa feleji kandokando: ukikwaruza jiwe kwa kasi, nukta ile hupata moto mkali kwa kitambo kisichohesabika, kisha baridi ya chuma kilichoizunguka huizima ghafla, ikawa ngumu mfano wa kigae. Sabrina Simader wa Kenya, aliyeshindana katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, aliteremka juu ya skii za namna hiyo. Philip Boit wa Eldoret, aliyemtangulia kule Nagano mwaka 1998, alikwenda kwa skii za mbio ndefu, zisizo na ukanda huo. Dawa ya nukta ngumu ni moja huko na huku: isuguliwe kwanza kwa kinoo kigumu mpaka mng'aro wake uondoke, ndipo tupa iitwe. Anayetangulia na tupa huharibu tupa.

Katika pengo ndipo ninapohitilafiana na mafundi wengi, kwani wao hawaridhiki mpaka lifutike, na kulifuta pengo la milimita 3 maana yake ni kuondoa milimita 3 katika panga zima. Wengine hufanya vibaya zaidi, wakaitia tupa ndani ya pengo peke yake, nalo likawa ghuba inayonasa nyuzi za muwa. Pengo dogo lilainishwe pembe zake, liachwe. Muwa haulijui, na kila kunolewa kutalipunguza hata litoweke.

Ama ile mashine ya umeme ya kunolea ya mafundi wa jua kali, inayomaliza kazi kabla ya chai kupoa, ubaya wake ni moto. Chuma kilichosuguliwa kikipata joto la nyuzi 220 za selsiasi hivi huingia umanjano, na karibu na 300 huwa buluu. Na kwa kuwa makali ni membamba, joto halina pa kukimbilia, likapanda kufumba na kufumbua na kuulainisha ugumu uliokusudiwa kiwandani. Kuisugua rangi ile ikatoka hakurudishi kitu. Fundi mwenye hadhari hugusa kidogo na kuchovya majini kila mara, lakini foleni ikiwa ndefu hadhari hiyo hupungua.

Panga lenye ufa halina matengenezo ya nyumbani, wala kulichomelea hakufai, kwani pembeni mwa kiungo chuma huwa chepesi kuvunjika au laini, na kipande kirukacho wakati wa kukata hakichagui mguu. Hukatwa juu ya ufa, sehemu ya mpini ikabaki kisu kifupi cha kupalilia, na ile ya ncha akapewa mhunzi.