Mwanga wa Ukuta: Jinsi Nyumba Inayokaliwa Inavyong'arishwa na Kupangwa

Giza la chumba na msongamano wa vyombo huhesabiwa kwa kawaida kuwa kero mbili, moja ikitafutiwa balbu na nyingine ikitafutiwa kabati, ilhali mara nyingi zote mbili zimetokana na jinsi kuta zinavyotumiwa. Ukuta uliofifia humeza mwanga unaoingia, na ukuta usiobeba kitu huviacha vitu vyote vishuke sakafuni, ambako hupandana mpaka vikaziba nusu ya dirisha. Uchambuzi huu unaiangalia ile inayoitwa nyumba ya Kiswahili katika miji kama Dar es Salaam, yaani nyumba yenye ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande na ua kwa nyuma, na kuonyesha jinsi wenyeji wake wanavyoweza kuing'arisha na kuipanga kwa mikono yao bila kuihama. Hata hivyo mfano wa kwanza unatoka Lamu, kwa sababu wajenzi wa huko walikwisha kulishughulikia jambo hili katika karne ya 18, tena kwa masharti magumu kuliko ya leo.

Nyumba ya mawe ya Lamu ilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari yake ilibebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti zenyewe ni fupi, upana wa chumba haukuweza kuzidi sana mita 3, hata kama mwenye nyumba alikuwa na mali kiasi gani. Mpango wake ulikuwa wa vyumba virefu vyembamba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine: mtu alipita daka, yaani baraza la mlangoni, kisha tekani, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, akafika kiwanda, yaani uwanja wa katikati ulio wazi juu, na kutoka hapo akaingia msana wa tini (wa chini), msana wa yuu (wa juu), na mwisho chumba kilichoitwa ndani. Mwanga wa nyumba nzima ulitoka kiwandani, hivyo kila hatua ya kwenda nyuma ilikuwa hatua ya kwenda gizani, na chumba cha heshima kuliko vyote ndicho kilichopata mwanga mchache zaidi. Sitara ya familia iliyataka hayo, na kutoboa madirisha kwenye ukuta wa mtaani hakukuwa jibu lililokubalika.

Jibu lilikuwa lipu nyeupe ya chokaa na zidaka. Kidaka ni tundu la mraba au la upinde lililochongwa au kujengwa katika unene wa ukuta ili liwe rafu (umbo la wingi zidaka ni la Kiamu, lahaja ya Lamu; Kiswahili sanifu kingesema vidaka), na katika nyumba za matajiri zidaka zilipangwa safu juu ya safu mpaka zikaujaza ukuta mzima, kingo zake zikiwa zimenakshiwa. Wachambuzi wa majengo wameeleza kwamba safu hizo hukifanya chumba chembamba kionekane kina kina zaidi, kwa kuwa jicho haligoti kwenye bapa tupu. Jambo lisilotajwa sana ni la kimatumizi: kidaka hakina kina kirefu, kwa hiyo hakuna kitu kinachoweza kufichwa nyuma ya kingine. Sahani ya kaure, kitabu na chetezo, kila kimoja kina mahali pake panapoonekana, na pengo la kilichoondolewa hujulikana mara moja. Kabati la kisasa lenye kina cha sentimita 60 hufanya kinyume chake, kwani safu ya mbele huisahaulisha safu ya nyuma, na mwenye nyumba hununua tena kitu alichokuwa nacho.

Ili kuona kwa nini weupe wa ukuta una uzito mkubwa hivi, ni lazima mwendo wa mwanga ufuatwe baada ya kupita dirishani. Mwanga haukomi kwenye ukuta wa kwanza unaokutana nao. Sehemu yake humezwa na sehemu hurudishwa, kisha iliyorudishwa hugonga ukuta mwingine na kugawanyika tena. Ikichukuliwa kwa makisio kwamba chumba ni sanduku lililofungika, jumla ya mwanga unaozunguka ndani yake hupatikana kwa kugawanya moja kwa ile sehemu inayomezwa. Kuta, dari na sakafu zinazorudisha asilimia 30 tu, kama zilivyo kuta zilizokoza moshi na mafuta ya mikono, huufanya mwanga ulioingia uhesabike mara 1.4, zikirudisha asilimia 50 huwa mara 2, na zikifika asilimia 80, kiwango ambacho chokaa safi hukifikia, huwa mara 5. Chumba halisi hakifiki huko, kwa kuwa pazia, godoro na sakafu humeza sehemu yao, lakini hesabu hiyo inaonyesha jambo ambalo macho hayalitambui kwa urahisi, kwamba faida kubwa iko katika hatua za mwisho: kutoka 30 hadi 40 huongeza kama sehemu moja ya sita tu, ilhali kutoka 70 hadi 80 huongeza nusu nzima. Ndiyo maana kupaka ukuta mmoja kwa majaribio na kuiacha dari ya mbao nyeusi ilivyo huwakatisha watu tamaa. Kazi ya nusu haileti nusu ya matokeo.

Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma matumbawe au mawe ya chokaa kwa joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, ambapo kaboni dayoksaidi hutoka na kubaki chokaa hai. Ikitiwa maji huchemka kwa nguvu, kitendo ambacho ndicho kuizima, na kinachobaki ni unga au uji mweupe ambao, ukishapakwa ukutani, huivuta tena kaboni dayoksaidi kutoka hewani na kurudi polepole kuwa jiwe. Kwa maneno mengine, chokaa haikauki tu kama rangi ya maji, bali inageuka, na mgeuko huo unahitaji unyevu na muda. Makosa karibu yote ya wapakaji wa nyumbani yanatokana na kutolijua hilo. Ukuta hupakwa ukiwa mkavu, nao huyanyonya maji kabla chokaa haijashika. Mchanganyiko huwa mzito kama uji wa mtoto, kwa tamaa ya kumaliza kwa mkono mmoja. Na baada ya wiki mbili kila anayeegemea ukuta hutoka na mgongo mweupe.

Namna inayofaa ni kuukwangua ukuta, kuufagia vumbi, kuunyunyizia maji mpaka ukolee bila kuchuruzika, kisha kupaka mchanganyiko mwepesi kama maziwa, mara tatu au nne, kila mkono ukiachwa hadi kesho yake. Mkono wa kwanza huwavunja moyo wasiozoea, kwa kuwa ukiwa mbichi hauonyeshi kitu ila ukuta uliolowa, rangi ya saruji ikionekana yote chini yake. Weupe huja baada ya saa kadhaa, ukianzia juu karibu na dari na kushuka taratibu, na alama za brashi zilizokuwa hazionekani hujitokeza kama michirizi. Chumvi kidogo katika ndoo huyashikilia maji yasikimbie upesi. Wapo pia wanaotia buluu ya kufulia, ambayo huupoza umanjano na kuufanya ukuta uonekane mweupe zaidi, ingawa kwa hakika hupunguza kidogo mwanga unaorudishwa. Jicho limeridhika, kipimo hakijaridhika, na si kosa kulisikiliza jicho. Ikumbukwe kwamba chokaa huunguza, hivyo miwani na glavu si mapambo, na kwamba haishiki juu ya rangi ya mafuta wala juu ya ukuta uliofunikwa na rangi ya plastiki, kwa kuwa inahitaji vitundu vya kujishikiza. Ukuta wa namna hiyo usafishwe kwa sabuni, usuguliwe kwa msasa na kupakwa rangi nyeupe isiyong'aa. Pwani, palipo na fukuto na chumvi ya chini ya msingi, chokaa ina sifa moja zaidi: huruhusu unyevu utoke, ilhali rangi ya mafuta huuzuia mpaka ikatuna na kubanduka magamba.

Nyumba inayokaliwa haitoi nafasi ya kufanya yote kwa pamoja. Familia hulala mahali fulani usiku huo huo, kwa hiyo kazi huendeshwa chumba kwa chumba, na chumba cha kwanza hustahili kuwa kidogo kuliko vyote, ili vitu vyake viweze kubebwa na vyumba vingine bila kuifunga njia ya ukumbini. Kutoa vitu nje kabla ya kupaka kuna thamani zaidi kuliko kupaka kwenyewe, kwani ndiyo mara pekee ambapo kila kitu hushikwa mkononi, na lile begi lililokaa uvunguni tangu msiba wa miaka mitatu iliyopita hufunguliwa.

Dirisha nalo huchunguzwa kabla ya kuongezwa jingine. Kanuni inayotumiwa na wasanifu ni kwamba mwanga wa kutosha hufika umbali wa mara 2 hadi 2.5 ya kimo cha juu cha dirisha kutoka sakafuni; dirisha linaloishia mita 2.1 linatakiwa kuangaza mita 4 au zaidi, urefu unaovizidi vyumba vingi vya nyumba hizi. Chumba kikiwa na giza licha ya hayo, mkosaji huwa ni kabati la nguo lililoegeshwa dirishani, pazia zito lisilofungwa kando mchana, au ukuta wa jirani ulio mita moja tu kutoka hapo. Huu wa mwisho ndio unaosahauliwa, na pengine ndio unaolipa kuliko yote: ukuta wa jirani ukipakwa chokaa, kwa ridhaa yake bila shaka, hugeuka kuwa anga ya pili mbele ya dirisha, na gharama yake ni ndoo moja na asubuhi chache.

Ukumbi hauna dirisha, nao hutegemea mlango wa mbele na wa uani. Bati moja la plastiki linalopitisha mwanga likiwekwa kati ya mabati ya paa hubadili hali, lakini lazima lipewe kiasi, kwani jua la tropiki likiwa utosini huweza kuleta karibu wati 1,000 katika kila mita moja ya mraba, na joto hilo huingia pamoja na mwanga. Ukumbini, ambako watu hupita, linavumilika, chumbani huwa adhabu ya saa sita mchana. Penye dari hutobolewa tundu na kuzungushiwa mbao zilizopakwa nyeupe kutoka kwenye bati hadi darini, la sivyo mwanga huishia kwenye vumbi la darini. Fundi makanika wa Uberaba nchini Brazil, Alfredo Moser, alionyesha mwaka 2002 njia ya bei nafuu zaidi: chupa ya plastiki ya lita 2 iliyojazwa maji na vifuniko viwili vya dawa ya kung'arishia nguo ili maji yasiote mwani, ikachomekwa kwenye tundu la paa na kuzibwa kwa gundi, nayo hutawanya mwanga wa jua kila upande kwa nguvu inayolinganishwa na balbu ya wati 40 hadi 60. Ubaya wake ni kwamba kila chupa ni tundu jingine kwenye paa, na mvua ya masika haisamehi gundi iliyopakwa juu ya vumbi.

Baada ya mwanga ndipo huja rafu. Ukuta wa tofali la inchi 6 hauna unene wa kuchongwa kidaka kama ule wa Lamu, lakini una kimo kisichotumika: sehemu yote iliyo juu ya linta, yaani ile boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha. Rafu inayozunguka chumba kwa kimo hicho, ikiwa na upana wa ubao wa inchi 8 tu, hupokea masanduku, vyombo vya sherehe na nguo za msimu bila kugusa sakafu wala kuziba mwanga, na upande wake wa chini hupakwa nyeupe ili kivuli chake ukutani kipungue. Hesabu ya kupinda kwake ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Ubao uliojazwa mzigo sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, urefu kati ya vishikizo viwili ukizidishwa mara mbili, hupinda mara 16, ilhali unene ukizidishwa mara mbili upindaji hupungua mara 8. Kwa hiyo ubao wa inchi moja wenye kishikizo kila baada ya sentimita 60 hukaa umenyooka miaka mingi, na ubao huo huo ukiachwa sentimita 120 huanza kutabasamu kabla ya Idi ya pili. Skrubu ndefu iliyoingia kwenye plagi ndani ya tofali au zege ndiyo inayobeba. Msumari uliogota kwenye lipu hubeba lipu tu, na siku moja hushuka nayo.

Chokaa hutaka kurudiwa, na wengi huirudia karibu na sikukuu. Katika nyumba kongwe za Lamu urudiaji huo umeacha alama yake: mikono mingi iliyopakwa juu ya mingine imejaza nakshi za zidaka, kingo zilizokuwa kali zikawa mviringo, na mahali pengine ua lililochongwa halitambuliki tena ila kwa kupitisha kidole juu yake.