Sauti Ndani ya Ngoma: Filamu za Madubwana ya Maabara na Hadhira ya Pwani ya Kusini

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulika na utenzi, riwaya na tamthilia, na kwa muda mrefu umeipa kisogo filamu ya bei rahisi. Jambo hili halistaajabishi, kwani filamu zinazozungumziwa hapa hazina sifa za kumvutia msomi. Mwigizaji amevishwa ngozi ya mpira, damu ni rangi, na kisa ni kile kile: mwanasayansi anafanya jaribio, jaribio linamponyoka, dubwana linazaliwa, watu wanaliwa. Hata hivyo filamu za jinsi hii zimepata watazamaji katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki, na miji ya pwani ya kusini ya Kenya, kama vile Ukunda na Msambweni, haikuachwa nyuma. Makala haya hayakusudii kuzitetea. Yanakusudia kuzipima kwa kipimo ambacho pwani yenyewe inacho, yaani ngano ya zimwi, na kudai kwamba kipimo hicho hutenga nzuri na mbovu kwa uhakika zaidi kuliko gharama ya vazi la dubwana.

Yafaa kuanza na suala la ulimi. Mary Shelley alipoitoa riwaya yake ya Frankenstein mwaka 1818, alimpa kiumbe wa maabara uwezo wa kusema. Kiumbe yule hujifunza kusoma, hujieleza kwa sura kadhaa mfululizo, na humhoji aliyemfanya kwa nini alimpa uhai kisha akamtupa. James Whale alipoiongoza filamu ya mwaka 1931, Boris Karloff akiwa ndani ya vazi la kiumbe, ulimi ule ulikatwa. Kiumbe hunguruma tu. Filamu iliyofuata, ya mwaka 1935, ilimrudishia maneno machache, lakini mfano ulioigwa na watengenezaji wa filamu za bei rahisi ni ule wa 1931, pengine kwa sababu mngurumo hauhitaji mwandishi hodari. Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko walivyodhani. Dubwana lilipokosa ulimi, kisa kizima kikawa mali ya mwanasayansi. Tanzia ikawa tanzia ya aliyefanya jaribio. Aliyefanyiwa hakubakiwa na fungu lolote isipokuwa kupiga mayowe.

Zimwi la ngano ni tofauti. Zimwi halina mtengenezaji. Lipo porini, au pangoni, au mwambani, na hakuna msimulizi anayejisumbua kueleza lilikotoka. Kwa hiyo ngano haiwezi kuwa tanzia ya muumba aliyejuta, hana nafasi. Macho ya hadhira huelekezwa kwa yule aliyekamatwa, na swali ni moja tu: atatokaje? Katika ngano nyingi tumbo la zimwi hupasuliwa na waliomezwa hutoka wazima, pamoja na ng'ombe wao. Methali nayo yasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Dubwana la maabara huikanusha methali hiyo waziwazi, maana aghalabu hummaliza yule yule linayemjua kuliko wote.

Ngano moja inastahili kukaliwa zaidi. Imeenea Afrika Mashariki kwa sura mbalimbali, na katika baadhi ya sura za pwani huanzia ufukoni. Msichana amekwenda na wenzake kuokota kombe, amesahau kombe lake zuri juu ya mwamba, anarudi peke yake, analikuta zimwi limekaa hapo. Zimwi humtia ndani ya ngoma na kuzunguka naye vijijini. Kila likipiga ngoma, msichana huimba, watu hustaajabu, zimwi hulishwa vizuri. Mwishowe lafika kwa wazazi wa msichana, nao huitambua sauti. Hapa kuna jambo ambalo wahakiki wa fasihi simulizi wamelipita haraka mno. Zimwi hili si mlaji tu. Ni mwenye tamasha. Linapata riziki kwa sauti ya mtu ambaye halimwonyeshi. Na hadhira ya kwanza, ile inayocheza na kulipa, haina hatia ya kukusudia, lakini inashiriki.

Mwaka 1957 Roger Corman wa Marekani alitoa filamu iitwayo Attack of the Crab Monsters, iliyoandikwa na Charles B. Griffith na kutengenezwa kwa fedha kidogo sana. Wanasayansi wanakwenda katika kisiwa cha Pasifiki kuchunguza athari za majaribio ya mabomu ya nyuklia. Kaa wa kisiwa hicho wamekuwa wakubwa kama magari kutokana na mnururisho. Mtazamaji wa Diani au Gazi, aliyekua akiona kaa wakikimbilia mashimo yao jioni maji yakitoka, ana haki ya kucheka, na kwa hakika kaa hawa wanachekesha. Lakini Griffith aliweka ndani ya kisa wazo ambalo filamu ghali zaidi hazikuwa nalo. Kaa akimla mtu humla pamoja na akili yake, kisha husema kwa sauti ya marehemu. Usiku wenzake walio hai huisikia sauti wanayoijua ikiwaita, nao huifuata.

Hiyo ndiyo ngoma ya zimwi, ingawa Griffith hakuhitaji kuijua ngano ya Waswahili ili aifikie. Tofauti iko katika matumizi. Katika ngano sauti iliyomo ndani ya ngoma ndiyo njia ya ukombozi: mzazi huitambua na ngoma hufunguliwa. Katika filamu sauti ni chambo, na anayeitambua ndiye anayekufa. Corman hakuamini kwamba aliyemezwa anaweza kurudi. Hata hivyo aliamini kwamba ana sauti, na kwa sababu hiyo filamu hii, pamoja na miguu ya kaa inayotikisika ovyo, ni bora kuliko nyingi zilizoizidi fedha.

Kinyume chake ni Monster on the Campus, iliyoongozwa na Jack Arnold mwaka 1958. Filamu hii yapasa kuwahusu watu wa pwani kwa sababu nyingine. Dubwana lake linatokana na samaki wa Bahari ya Hindi, silakanti, ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu mamilioni ya miaka hadi alipovuliwa mmoja huko Afrika Kusini mwaka 1938, na wa pili Komoro mwaka 1952. Wavuvi wa Komoro walikuwa na jina lake tayari, gombessa. Katika filamu samaki huyo, aliyeletwa kutoka Madagaska na kuhifadhiwa kwa miale ya gama, anamkata profesa mkono kwa meno. Damu yake inamgeuza profesa kuwa mtu-nyani. Mbwa akilamba majimaji ya samaki anakuwa kama mbwa-mwitu wa kale. Mwisho profesa anajichoma sindano kwa makusudi ili apigwe risasi na polisi. Ni tanzia kamili ya msomi. Aliyemvua samaki hatajwi. Bahari imekuwa bohari tu la kuagizia vifaa vya maabara.

Mambo yaliyotokea baadaye yamelifanya pengo hilo kuwa dhahiri. Mwaka 2001 silakanti alinaswa karibu na Malindi, na tangu wakati huo wavuvi wa Tanga, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Vanga, wamenasa makumi kwa jarife za papa zilizotegwa kwenye kina kirefu. Tanzania ilianzisha hifadhi ya bahari kwa ajili yake huko Tanga mwaka 2009. Samaki wa ajabu wa Jack Arnold, kumbe, ni samaki wa jirani, na mwenye habari zake za kwanza ni mtu wa jarife.

Filamu ya Sharktopus ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Declan O'Brien na kutayarishwa na Corman yule yule katika uzee wake, inarudisha dubwana ufukoni. Jeshi la maji la Marekani limeagiza silaha hai, nusu papa nusu pweza. Boti inaligonga, kifaa cha kuliongozea kinang'oka, nalo linaogelea hadi Puerto Vallarta, mji wa watalii nchini Meksiko. Kwa jikoni la pwani papa na pweza wote ni kitoweo, tena cha heshima. Papa-pweza hatishi mpaka aeleweke kuwa ni mali ya jeshi. Kinachovutia zaidi ni ufuo wenyewe: hoteli, mabwawa ya kuogelea, vinywaji, wageni waliolala juani. Yeyote aijuaye Diani anaujua ufuo huo. Mwenyeji anayepata nafasi ya maana ni mvuvi mmoja, naye anatumiwa na mtangazaji wa televisheni kama shahidi wa kuuza habari. Wengine huhudumu au huliwa. Kwa kipimo cha ngano hii ni ngoma isiyo na mtu ndani yake, inapigwa tu.

Lakini filamu haiishii pale alipoikatia mkurugenzi. Lufufu alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili katika vibanda vya Dar es Salaam, naye DJ Afro amejipatia jina kwa kazi hiyo hiyo nchini Kenya. Matthias Krings, aliyeichunguza sanaa hii Tanzania, aliipa makala yake kichwa chenye mfano wa wali uliogeuzwa kuwa pilau. Msimulizi hatafsiri tu. Huongeza sababu, huwapa wahusika majina, humcheka tajiri, humsemea asiyesema. Dubwana lililokatwa ulimi Hollywood hupewa ulimi wa kukodi kibandani. Wapo watakaosema kwamba huko ni kuharibu kazi ya sanaa. Kwa hakika wakati mwingine ni kuharibu, hasa msimulizi anapoujaza ukimya kwa kelele tupu. Lakini kazi zinazohusika hapa zilikuwa na pengo lililongoja kujazwa.

Hata hivyo hadhira ya Kwale haikungoja filamu ili iwe na kisa cha maabara. Ilikuwa nacho: mumiani. Neno hili ni ndugu wa neno linaloitwa mummy kwa Kiingereza. Yote mawili yanarudi kwenye mumiya ya Kiarabu na Kiajemi, utomvu mweusi uliotumiwa kutibu mifupa iliyovunjika. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaitaja dawa hiyo na pia imani ya wengi kwamba ni damu ya binadamu waliouawa. Hivyo neno moja liligawanyika njia mbili. Magharibi lilizaa maiti aliyefungwa vitambaa, ambaye Karloff aliigiza mwaka 1932. Afrika Mashariki lilizaa watu wa usiku wanaokinga damu kwa ajili ya tiba ya wengine. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya visa hivi, alikataa kuvicheka na pia alikataa kuviamini. Aliona ndani yake maelezo ya watu kuhusu kazi, hospitali na utawala wa kikoloni. Kifasihi tofauti na filamu ni hii: katika kisa cha mumiani daktari hana jina, hana binti, hana majuto. Mwenye kisa ni mwenye damu.

Upungufu wa kisa hicho nao usifichwe. Katika mumiani hakuna ngoma inayofunguliwa. Anayechukuliwa hasikiki tena, na kwa kuwa hasikiki, kila sindano yaweza kuwa ndiyo. Msambweni imekuwa na watafiti wa kichocho tangu miaka ya 1980, na damu ya watu imepimwa huko mara nyingi. Kwa upande wa Kilifi, watafiti wa maadili ya utabibu wameandika juu ya hofu za wananchi kuhusu damu inayochukuliwa. Lugha yenyewe haisaidii sana. Jaribio ni neno la maabara, lakini pembeni yake lipo jaribu, ambalo wingi wake ni majaribu, neno la msikitini na kanisani. Anayeombwa kushiriki katika jaribio huenda amesikia zaidi ya alichoambiwa.

Riwaya ya Kiswahili imewahi kumpa nafasi mtu wa namna hii. Katika Walenisi ya Katama Mkangi (1995), Dzombo, ambaye jina lake ni jina la kilima cha Kwale vilevile, anahukumiwa kifo na kurushwa angani ndani ya chombo. Aliyetiwa ndani ya mtambo ndiye anayesafiri, anayeona, anayehukumu. Waliourusha wamebaki nyuma.

Mwaka 2023 lilifanyika Kwale jaribio ambalo Griffith asingelikataa kuliandikia kisa. Watu zaidi ya 20,000 waligawanywa makundi. Wengine walipewa dawa iitwayo ivermectin, wengine dawa ya kulinganishia, mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu. Mbu akimnyonya mtu aliyemeza ivermectin, mbu hufa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba maambukizo ya malaria miongoni mwa watoto yalipungua kwa asilimia 26 zaidi katika maeneo yaliyopewa ivermectin. Kisa cha mumiani hapa kimepinduliwa juu chini: mnyonya damu ndiye anayekufa, na sumu yake ni damu ya mwenyeji. Filamu itakayojengwa juu ya jambo hilo haitahitaji ngozi ya mpira, wala haitafaa ianze maabara. Itafaa ianze kibarazani, mezaji wa dawa akiwa bado ameushika mkononi ule mkunjo wa karatasi za ridhaa, akimuuliza mgeni aliyeketi mkekani damu yake itapelekwa wapi, naye mgeni akitafuta maneno ya Kidigo ya kumjibu.