Uzi mmoja, wekundu wa namna tatu

Seti ya kudarizi ya mikono huja na karibu kila kitu: kitambaa kilichochapwa mchoro wa maua, fremu ya mviringo, sindano, nyuzi za rangi nyingi na karatasi ya maelekezo. Anayeifungua huona kazi kubwa imekwishafanyika, maana mchoro upo na rangi zimechaguliwa. Naona kinyume chake. Anayedarizi mashuka nyumbani kwa karatasi ya kaboni huchora mwenyewe, na katika kuchora hutambua ua lipi liko mbele na jani lipi limejificha. Mwenye seti amerukishwa hatua hiyo, na inambidi aipitie kwa macho kabla ya kutunga uzi.

Tuchukue mchoro wa kawaida: waridi jekundu katikati, matawi mawili, majani, na vijiua vya njano pembeni.

Uzi wa pamba wa kudarizi, kama ule wa DMC, kampuni iliyoanzia Mulhouse, mji ambao leo uko Ufaransa, mwaka 1746, huuzwa katika vifungu vya mita 8, na ndani yake mna nyuzi ndogo sita zilizolazwa pamoja. Maelekezo yakisema “nyuzi mbili”, wengi hushika mbili na kuzivuta kwa mpigo, nazo hujisokota na kufunga fundo papo hapo. Kata kwanza urefu wa dhiraa, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Bana ncha kwa vidole viwili, chomoa unyuzi mmoja tu kwa kuuvuta juu wima. Zile tano zitajikunyata chini ya vidole, kisha zitanyooka zenyewe. Chomoa wa pili, halafu zilaze hizo mbili pamoja. Zikitenganishwa hivi hulala bapa na kufunika kitambaa sawasawa. Uzi mrefu kuliko dhiraa husuguliwa kila unapopenya kitambaa, na mng'ao wake hufifia kabla uzi haujaisha.

Mng'ao huo ndio moyo wa kazi yenyewe. Mwaka 1844 Mwingereza John Mercer aligundua kwamba pamba ikitiwa katika soda kali hunenepa na kushika rangi vizuri zaidi. Mnamo 1890 Horace Lowe akaonyesha kwamba ikivutwa na kukazwa wakati inatiwa dawa hiyo, inang'aa. Uzi unaong'aa hurudisha mwanga kulingana na unavyolala. Ndiyo maana mdarizi mwenye wekundu mmoja anaweza kupata wa namna tatu: petali ya kwanza mishono isimame wima, ya pili ielekee kushoto, ya tatu ikaribie kulala. Geuza fremu polepole karibu na dirisha, utaona moja inakolea huku nyingine inapauka. Atazamaye kwa makini kofia ya mkono ya Lamu au Unguja anaijua nguvu hii. Ni uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, lakini nakshi inasomeka kwa vitundu vyake na mlalo wa mishono.

Kwa hiyo, kabla ya mshono wa kwanza, chora mshale mdogo ndani ya kila petali kwa penseli, kwa mkono mwepesi, uonyeshe uzi utalala vipi. Ninalisisitiza jambo hili kuliko uchaguzi wa rangi. Kisha zungushia petali mshono mfupi ukingoni, ndipo uijaze. Anzia katikati, penye upana, uende hadi ncha moja, halafu urudi ujaze nusu ya pili. Ukianzia nchani, mlalo huhama kidogo kidogo bila wewe kujua. Mshono unaozidi sentimita moja hulegea na kunaswa na pete au kucha, basi petali pana uigawe safu mbili zinazoingiliana.

Mpangilio ni rahisi: cha nyuma hutangulia. Matawi, majani, petali za nyuma, za mbele, na mwisho vijiua vya njano, ambavyo hushonwa kwa vifundo, kwa sababu fremu ikihamishwa juu ya vifundo huviponda. Kwenye tawi, uzi ubaki upande uleule wa sindano tangu mwanzo hadi mwisho; ukivuka mara moja tu, msokoto wa mishono unakatika na jicho hulidaka pengo hilo mara moja.

Pete ya ndani ya fremu izungushiwe utepe wa bafta ili kitambaa kisiteleze. Kaza hadi kitambaa kikipigwa kidole kilie kama ngoma, na ukimaliza kazi ya siku kitoe, vinginevyo alama ya duara itang'ang'ania.

Yapo majaribio mawili ambayo karatasi ya maelekezo mara nyingi huyapita. Bonyeza uzi mwekundu juu ya kitambaa cheupe chenye maji. Ukiacha doa, uloweke na kuusuuza hadi maji yatoke meupe. Pia soma wino wa mchoro unafutikaje. Ule wa kutoka kwa maji usipigwe pasi kabla ya kufuliwa, kwani joto laweza kuugandisha moja kwa moja. Fua kwa maji baridi bila kusugua, kunja ndani ya taulo ukamue maji, kisha piga pasi upande wa nyuma, maua yakiwa yamelalia taulo nene ili vifundo vibaki vimesimama.