Pongezi kwa Wafunga Mizigo wa Sumbawanga

Yatupasa kuwashukuru watu ambao majina yao hayaandikwi katika daftari lolote, nao ni wachukuzi na matingo wa Sumbawanga, ambao, mahindi ya Ufipa yakiisha kukauka na kupimwa, huyapanga magunia ya kilo 100 juu ya lori kama fundi apangavyo matofali, safu ikishika safu, kisha hutandaza turubai na kulipitishia mikanda mipana iliyofumwa. Utazame mkono wa utingo: huvuta wenzo wa kikazio mara kwa mara, meno ya chuma yakilia, hata mkanda ukawa mgumu kama ubao, na penye ukingo mkali hutia kipande cha tairi kuukuu, usije ukakatika. Kani ya mkanda uliokazwa huyagandamiza magunia chini, yasiteleze breki ikishikwa ghafula. Mimi naistahi kazi hii ya kuitunza amana ya jasho la mkulima kuliko ustadi wa usukani wenyewe. Njia ya kutoka Sumbawanga hadi Tunduma yapita kilomita 200, na mtikisiko huyashindilia magunia, mikanda ikalegea. Ndipo utingo hodari, lori lifikapo Laela njiani, hushuka katika baridi ya alfajiri, akaikaza upya mmoja mmoja.